Rudia Pale Alipoanguka

Fundi Ngozi alikuwa amemwambia shemeji yake kwamba ile picha ya sinema itaonyeshwa Jumapili. Alimtazama usoni akautoa uongo huo bila kupepesa jicho, kisha Jumamosi saa nane mchana akavaa shati lake la kola, akapanda ngazi tisa za maktaba peke yake na kuchagua kiti cha karibu na ukuta. Alitaka aione yeye, na yeye tu. Jumapili angesema, pole shemeji, kumbe walibadilisha siku, tumepitwa.

Kabla hajakaa sawasawa alisikia fimbo ikigonga sakafu ya korido. Ko, kimya, ko. Mlio huo aliujua kuliko mlio wa nyundo yake mwenyewe.

"Mjomba! Kumbe umetutangulia!" Huyo alikuwa binti wa shemeji yake, nesi, mwanamke asiyejua kunong'ona hata wodini. "Baba anang'ang'ania kwamba ni kesho. Bahati yetu nimeliona tangazo getini."

"Walibadilisha," alisema Fundi.

"Haya sogea, mwenye picha akae katikati."

Mwenye picha akakaa, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele, fimbo katikati ya magoti. Mji mzima ulimwita Mweleka, kwa sababu ya mweleka aliopigwa na farasi, na baada ya miaka arobaini na mmoja hata kadi yake ya kliniki ilikuwa imeandikwa hivyo.

"Shemeji," alisema, akimpiga Fundi paja, "leo utaniona nilivyokuwa kijana mzuri. Dakika tano tu, kabla sijajiaibisha."

Fundi alicheka kwa sababu ilibidi acheke.

Ilikuwa hivi. Wageni fulani walikuja na malori mawili na kamera moja kutengeneza picha ya makauboi katika bonde kavu nyuma ya machimbo ya mawe, maana kwao bonde kama hilo lilikuwa ghali. Steringi wao alikuwa anaogopa farasi vibaya sana, kwa hiyo wakamkodi Mweleka, mpanda farasi asiye na mpinzani katika zizi la mji, avae shati la steringi na kupanda badala yake. Fundi wakampa kazi ya ngozi: matandiko, hatamu, mikanda. Siku ya mwisho, watu wamejaa kutazama, Mweleka akaanguka kutoka kwenye farasi mzee wa kahawia aliyezoea kutembeza watoto. Nyonga ikavunjika, kichwa kikapiga jiwe. Alizinduka baada ya siku mbili, hakumbuki lolote, akaambiwa kwamba aliachia hatamu akijionyesha kwa kamera. Akaamini. Angefanyaje? Zizi likamwachisha kazi, akaishia kulinda geti la ghala la unga miaka thelathini, na hata mkewe, ambaye alikuwa mdogo wake Fundi, alimtania kwa jambo hilo mpaka mwaka juzi alipofariki.

Fundi peke yake ndiye aliyejua kwamba Mweleka hakuachia kitu. Ule mkanda unaopita chini ya tumbo la farasi kulishika tandiko ulikatika, tena ulikatika pale pale alipokuwa ameushona yeye. Alitakiwa kupitisha mishono miwili, akapitisha mmoja. Watu walipokuwa wamemzunguka majeruhi, yeye aliuvua mkanda ule, akafunga mwingine, akanyamaza. Kitu kingine kimoja tu kiliuona ukikatika, nacho ni kamera ya wale wageni, waliopakia vitu vyao wakaondoka na wasirudi tena. Sasa mkutubi, katika kupekuapekua kwake picha za zamani zinazouzwa kwa bei ya kutupa, alikuwa ameipata picha yao.

Mkutubi alifunga mapazia kwa vibanio vya nguo, akasimama kando ya mashine yake ya kuonyeshea picha. "Kanuni mnazijua," alisema. "Ukipenda kitu, sema rudia, nitarudia. Tukimaliza tunahukumu."

Watazamaji wa Jumamosi hawakuwa watu wa kukaa kimya. Walikuwa wamegundua zamani kwamba picha mbovu ni tamu kuliko nzuri, na hii ilikuwa mbovu kupindukia. Bastola ya steringi ilikuwa na matundu sita ya risasi, lakini ukumbi mzima ulihesabu kwa sauti mpaka kumi na saba. Sharubu za jambazi mkuu zilianza kubanduka upande mmoja, na kila walipopigana zilizidi kushuka. Mtu aliyekwisha kuuawa alifukuza inzi puani.

"Rudia!" walipiga kelele. Mkutubi akarudia, maiti ikafukuza inzi tena, na mwalimu mmoja mstaafu akacheka mpaka akavua miwani.

Mweleka naye alicheka kwa moyo wake wote. Alimwonyesha binti yake mahali palipokuwa na hema la chakula, akamwambia ni farasi yupi aliyekuwa anauma. Fundi alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. Alijua watu wakitazama picha hutazama nyuso, hawatazami matumbo ya farasi. Alijiambia hivyo mara kadhaa.

Kisha ikaja baa. Ilijengwa kwa mbao za masanduku, na maandishi ya sabuni yalionekana kwenye mlango. Pembeni, nyuma ya jambazi, kijana mmoja mwembamba alikuwa amevaa kofia kubwa mno, ameinua glasi tupu, anaikenulia kamera meno yote thelathini na mawili.

"Mjomba huyo!" nesi alipiga yowe. "Jamani, mjomba wangu!"

"Rudia! Rudia!"

Alirudiwa mara tatu. Watu waligeuka kumpigia makofi, na Mweleka akamkumbatia begani. "Na wewe ulikuwa mzuri, shemeji, tusidanganyane." Fundi alijitazama akikenua. Asubuhi ya siku ya ajali alikuwa na mkanda mezani, umefika mshono wa kwanza, ndipo akaitwa kwamba kuna nafasi ya mnywaji mmoja kwenye baa, akimbie. Akakimbia. Aliporudi, mkanda ulikuwa umekwisha kuchukuliwa na kufungwa kwenye farasi, na yeye akajisemea kwamba utashika. Ni farasi mzee, atakwenda mbio za hatua mia mbili tu.

"Naona nakuja mimi," Mweleka alinong'ona.

Farasi wa kahawia alitokea upande wa kushoto, vumbi nyuma yake. Mpanda farasi alikuwa na shati la steringi, uso umefunikwa na kofia. Alifika katikati, akapinduka upande, mikono ikapapasa hewa, akatua kama gunia. Kilichofuata ni steringi mwenyewe akiinuka kutoka vumbini bila hata kofia kupinda.

Ukumbi ulilipuka. "Rudia! Rudia, tafadhali! Polepole!"

Mkutubi akarudia, polepole. Fundi aliuona. Ulikuwa wazi kwake kama mchana: chini ya tumbo la farasi mkanda uliachana, ncha moja ikaning'inia, na hapo ndipo tandiko likaanza kuteleza. Aliingoja sauti ya mtu yeyote. Lakini watu walikuwa wanaitazama mikono ikipapasa hewa. Wakaomba tena, akarudia tena. Fundi akageuza shingo kidogo kidogo amtazame shemeji yake.

Mweleka alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa anatazama kichwa cha fimbo yake, anakisugua kwa kidole gumba, akitabasamu lile tabasamu la mtu anayesubiri wenzake wamalize. Hakuitazama picha mara ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu.

Fundi alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi mpaka akaachia kiti alichokuwa amekishika. Picha iliendelea, jambazi akafa, sharubu zikatangulia, mapazia yakafunguliwa, naye Fundi akahesabu kwamba amepona.

"Hukumu!" alisema mkutubi. Walihukumu kwa makofi. Farasi bora akawa yule wa kahawia. Kifo bora kikawa kile cha inzi. "Na Aibu ya Siku?"

Hakuhitaji kumaliza. "Mweleka! Mweleka!" Wengine walipiga miguu chini. Nesi peke yake hakupiga kofi. Alikuwa amenuna.

"Chekeni," alisema, "lakini baba yangu alikuwa mpanda farasi."

"Mpanda farasi gani anashindwa na farasi wa kutembeza watoto?" mtu alijibu kutoka nyuma, na kicheko kikaanza upya.

Mweleka aliinuka kwa shida, akavua kofia asiyokuwa nayo, akainama kwa heshima. "Msimgombeze binti yangu," alisema. "Mnasema kweli. Niliachia hatamu, ndivyo nilivyoambiwa. Marehemu mke wangu alikuwa akiniambia nikamwombe radhi yule farasi. Mpaka siku ya mwisho, pale kitandani, aliniuliza kama nimekwenda."

Walicheka, ila sasa kwa upole. Mweleka akaketi. Kidole gumba kikarudi kukisugua kichwa cha fimbo, na Fundi aliyekaa karibu alikiona.

"Rudia," alisema Fundi.

Alikohoa. "Rudia pale alipoanguka."

Mweleka alimgeukia. "Na wewe, shemeji?" Aliuliza taratibu, kama mtu aliyekanyagwa na mtu wake.

Fundi aliinuka, kwa sababu angemjibu asingeweza kwenda. Alipita kati ya viti mpaka mbele, mapazia yakafungwa, na picha ya farasi ikamwangukia kwenye shati lake jeupe. Ilibidi asogee pembeni. "Polepole," alisema. "Zaidi. Simamisha. Hapo."

Aliweka kidole ukutani. "Mwacheni yeye. Tazameni hapa, tumboni kwa farasi. Huu ni mkanda wa tandiko. Umekatika. Mnaona ncha hii? Sasa mtazameni yeye. Bado yuko juu. Hatamu ziko mkononi." Vicheko viwili vitatu vilikuwa bado vinazunguka nyuma, vikafa. "Mkanda huu niliushona mimi. Ulitaka mishono miwili, nikashona mmoja, kwa sababu nilikimbilia kuingia kwenye picha. Mmeniona pale baa. Hakuachia kitu. Mimi nilijua tangu siku ile."

Mashine ilivuma. Nesi alikuwa amesimama, mkono mdomoni, na Fundi hakuthubutu kumtazama machoni.

Mweleka aliinua kichwa. "Rudia," alimwambia mkutubi.

Mkutubi akarudia. Mzee alitazama, shingo mbele, macho hayafumbi. "Rudia tena." Farasi alitokea tena kushoto, vumbi nyuma yake, na safari hii hakuna aliyetazama mikono. "Simamisha kabla. Hapo kabla haujakatika."

Picha ilisimama. Kijana yule alikuwa juu ya farasi, kisigino chini, kiwiko ubavuni.

"Tazama mgongo," Mweleka alimwambia binti yake. "Umenyooka." Aliielekeza fimbo ukutani. "Kumbe nilikuwa nimekaa vizuri."

Binti alianza kulia, kwa sauti, kama afanyavyo mambo yake yote. Mweleka hakulia. Aliitazama picha ile mpaka watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakipita kwa adabu, wengine wakimgusa bega.

Nje, juu ya ngazi, Fundi alikuwa anawangoja. Kila penye ngazi Mweleka alikuwa akiweka mkono begani kwake, miaka yote hiyo, na Fundi aliinamisha bega kabla hajajua anafanya nini. Mweleka alisimama mbele yake.

"Ule mkanda uliupeleka wapi?"

"Niliuchoma."

"Lini?"

"Siku ileile. Jioni."

"Mimi nikiwa bado sijazinduka."

"Ndiyo."

Mweleka alitikisa kichwa taratibu. "Dada yako amekufa ananicheka, shemeji."

Hakulisema kwa hasira, na hilo lilimuuma Fundi kuliko tusi. "Nisamehe," alisema, ingawa alijua neno lenyewe halitoshi.

"Leo niache," alisema Mweleka. "Leo nataka kutembea."

Alimpa binti yake fimbo. Binti akanyoosha mkono amshike, Mweleka akausogeza kando. Akashika chuma cha ngazi, akashusha mguu mzima, kisha ule mbovu, na akateremka zote tisa, moja baada ya moja, mgongo umenyooka vilevile kama kwenye picha. Fundi alibaki juu, bega lake bado ameliinamisha.