Banda la Khunoana

Tlali aliporudi nyumbani kutoka migodini asiondoke tena, alimkuta ng'ombe ni mwenyeji kuliko yeye. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mtu wa kuja Krismasi na Pasaka, sanduku begani, na kuondoka kabla hata mbwa hajamzoea. Ng'ombe mwenyewe, Khunoana, wa rangi ya kahawia na midomo myeupe, alinunuliwa kwa mshahara wake, lakini aliyemlea ni mkewe, Mama Senate.

Siku hizi Mama Senate hunywa chai ya maziwa ya pakiti, ambayo anasema hayanuki mnyama yeyote, na mawazo yake hurudi kulekule. Humkumbuka Khunoana alipokuwa akifungwa nyuma ya jiko, ukuta ukimkinga na upepo wa kusini, na baridi ya Juni ilivyokausha maziwa yake yakabaki ya kulowesha ugali tu. Hukumbuka mizigo ya mabua ya mahindi na mtama aliyobeba kichwani baada ya mavuno, akayapanga juu ya kichanja mbuzi wasiyafikie. Wanaume walikuwa migodini, basi wanawake wakaingia zizini japo mila ilikataa, na hakuna aliyewakemea kwa kuwa wa kuwakemea hawakuwapo.

Wiki ya pili tu, Tlali akaitaka ndoo.

"Ng'ombe ni kazi ya mwanamume, Mama Senate. Watu watanionaje?"

"Ndoo hiyo hapo, Baba Senate. Usikae kulia kwake, anapiga teke."

Akaenda akakaa kulia. Alirudi na maziwa yasiyojaza kikombe na goti limechubuka, na mkewe akajifunika uso kwa blanketi alilojitanda ili kicheko kisionekane.

Ikaja Septemba. Karibu na chemchemi Mama Senate alikuwa na kishamba cha lusini, majani ya kijani ambayo ng'ombe huyapenda kupita kiasi. Alikuwa akiyakata jioni, akayaacha yanyauke, kesho yake akayachanganya na mabua makavu. Tlali aliona huo ni uchoyo. Asubuhi moja mkewe alipokwenda kusaga unga, akamfungua Khunoana akiwa na njaa, akamwachia ale yale majani na umande wake mpaka atosheke.

Mama Senate aliporudi alimkuta ng'ombe ameanguka pembeni mwa shamba, ubavu wa kushoto umefura kwa gesi kama ngoma, ulimi nje. Tlali alikuwa amesimama na kamba mkononi, blanketi limemdondoka hata hajui. Huyu ndiye mtu aliyewahi kufukiwa na mwamba chini ya ardhi, akatoka, na kesho yake akashuka tena.

Mama Senate hakupiga kelele. Alitua unga, akamtuma mumewe jikoni alete mafuta ya kupikia na mpini wa ufagio. Wakamwinua kwa kumsukuma na kumvuta, wakamsimamisha miguu ya mbele juu ya tuta. Akamfunga mpini mdomoni kama hatamu ili autafune, akammiminia mafuta kidogo kidogo kwa pembeni asipaliwe, kisha akamwonyesha Tlali pa kukandia kwa ngumi. Tlali alikanda mpaka jasho likamchuruzika kidevuni. Jua lilikuwa limepanda sana Khunoana alipopiga mbweu moja ndefu yenye harufu ya majani yaliyooza. Mama Senate anasema hajasikia sauti tamu kama ile, hata kanisani.

Tlali akaketi chini palepale kwenye nyasi.

"Barua zako zote ziliniambia ng'ombe hajambo," alisema. "Hukuniambia kwamba huko kutokuwa na jambo ni kazi."

"Hukuniuliza."

"Basi nakuuliza."

Ndipo wakajenga banda. Tlali alijua mawe na magogo, mkewe alijua ng'ombe. Alimwambia mgongo wa banda uelekee kusini na mlango uangalie jua la majira ya baridi. Sakafu iwe na mteremko mkojo utoke. Hori liinuliwe asikanyage chakula chake. Na pawe na nafasi ya kulala na kuinuka bila kujigonga. Tlali alisimika nguzo kama zile za kushikilia dari za mgodini, akizigonga moja moja kwa nyundo na kusikiliza kama zimeshika. Jirani yao, Mama Neo, alisimama njiani akauliza Mama Senate atahamia humo lini, chini ya mabati mapya, maana nyumba yake ndiyo iliyokuwa ikivuja. Tlali akamjibu kwamba inabidi kwanza aombe ruhusa kwa mwenye nyumba, Khunoana.

Majira ya baridi yaliyofuata maziwa hayakukauka. Kila asubuhi Mama Senate alikamua, na Tlali alikatakata mabua kwa panga, akayanyunyizia maji ya vuguvugu na pumba. Wakawa wanazungumza. Humo bandani ndimo alimojua kwamba mumewe, miaka yote ile, alikuwa akifumba macho lifti ya mgodi ikishuka. Na Tlali akajua kwamba binti yao Senate alizaliwa kwa kutanguliza miguu na kwamba mama yake nusura afe, ilhali barua ilisema tu: msichana, sote wazima. Walisimuliana hayo bila kutazamana, maziwa yakilia ndooni.

Walipata miaka saba ya namna hiyo. Kisha vumbi la mgodini likamzidi kifuani. Majira yake ya mwisho ya baridi alihamishia kigoda bandani, akisema hewa ya ng'ombe ni laini kuivuta kuliko ya nyumbani, na muuguzi alipomkataza alimwitikia vizuri, akaendelea kukaa. Alizikwa Agosti. Khunoana alikuwa mzee naye, na Mama Senate hakuwa tena na shingo ya kubeba mabua, akampeleka kwa dada yake ambako ng'ombe huyo alizaa ndama mmoja wa mwisho.

Senate, anayefanya kazi mjini Maseru, amemwomba mama yake mara mbili auze mabati ya banda. Mama Senate anamwambia asubiri. Alasiri za Juni huingia humo na ungo wa maharagwe, akaketi kwenye nyasi kavu, akachambua taratibu. Maharagwe yakiisha, huendelea kukaa.