Shingo ya Sweta

Kwa miezi miwili Zakia alikuwa akichelewa kliniki kwa makusudi. Somo la wajawazito hutolewa asubuhi, na anayechelewa huhudumiwa mwisho. Yeye aliona heri ashinde na njaa hadi saa nane kuliko kusikia mtoto anavyotoka.

Dada yake, Mwanaiddi, alikwenda kujifungua, kikarudi kitenge chake tu, kimekunjwa vizuri. Zakia alipouliza kilichotokea, mama yao alimjibu, "Hayo utayakuta huko huko, mwanangu." Tangu hapo, uchungu ukitajwa, masikio ya Zakia yalijaa sauti kama ya mvua juu ya bati, na watu wakabaki wanachezesha midomo.

Leo dereva wa bodaboda alikuwa na haraka zake, akamfikisha kliniki mapema. Ukungu wa Julai ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya Kakese. Zakia akajibanza nyuma ya simtanki la maji, akafumba macho. Tumboni mtoto aligeuka polepole, kama kiboko kwenye maji ya mto Katuma. Akahisi na yeye anaelea, mbali na watu.

Kicheko kikamrudisha. Akachungulia.

Nesi Generosa alikuwa barazani, mbele ya mabenchi, ameshika sweta ya shule. Ndani yake alikuwa ameingiza mwanasesere wa kitambaa, akawa anamsukuma atokee shingoni. Kichwa kimekwama.

"Huyo amependa huko huko," alisema Matilda, mwenye mimba ya nne.

"Mpeni rufaa, aende mkoani," mwingine akadakia.

Nesi akacheka, akavuta. Zakia akaona kosa. Yeye hufuma sweta za shule pale mjini, na shingo ile ilimuuma machoni: aliyeifuma alikaza mno uzi wa mstari wa mwisho. Shingo hufumwa ivutike, ipitishe kichwa, kisha irudi.

"Msimvute," alisikia sauti yake ikisema.

Wote wakageuka. Aibu ikampanda hadi masikioni, lakini miguu ilishaanza kutembea. Akatoa sindano kwenye mkoba, akafumua ule mstari.

"Sasa msukume taratibu," alimwambia nesi. "Mpe nafasi, alegee, kisha tena."

"Ndivyo uchungu unavyofanya," Generosa akasema kwa upole. "Unabana, unaachia. Kila ukibana, mlango wa uzazi unafunguka kidogo."

Zakia akasubiri ile mvua masikioni. Haikuja. Vidoleni mwake shingo ilifunguka, kichwa cha kitambaa kikachungulia, kikatoka. Matilda akapiga kigelegele kifupi.

"Na isipofunguka?" Zakia aliuliza. "Dada yangu alikaa nyumbani na uchungu siku mbili kabla ya kupelekwa. Hatukujua ni nyingi."

Generosa akaketi karibu naye. "Pole, mdogo wangu. Siku mbili ni nyingi. Ukija mapema, tunaona mapema kama haifunguki, na hapo yapo ya kufanya. Zipo dalili ambazo ukiziona, husubiri hata asubuhi. Nilikuwa nimezitaja kabla hujaingia."

Zakia akampakata mwanasesere, akamfunika kwa mtandio wake.

"Rudia, nesi," akasema. "Anza mwanzo kabisa. Nyie wengine mnisamehe."

Matilda akasogea kumpisha kwenye benchi.