Mikono Isiyosajiliwa

Shuka lilikuwa limegandana na kidonda, na Ngwali hakutaka kulivuta. Alichovya kitambaa katika maji ya vuguvugu, akakikamua juu ya nyonga ya Silima, akangoja. Silima alilala ubavu, uso umeelekea ukuta wa udongo. Chini ya kiuno hakusikia kitu. Alichosikia ni pumzi za Ngwali, na harufu yake mwenyewe.

"Limeachia," alisema Ngwali. Akapitisha mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya goti, akamgeuza taratibu kama anavyogeuzwa mtoto aliyelala.

Silima alikuwa mpanda mikarafuu hapo Wingwi tangu ujana wake, mpaka msimu mmoja tawi lilipomkatikia akaanguka na kuvunjika uti wa mgongo. Mkewe alipofariki akabaki na dada yake Time, bibi aliyepinda, awezaye kumpikia lakini si kumwinua. Kwa hiyo Serikali ilipoleta mpango wa wasaidizi wa nyumbani, watu wa kumhudumia mgonjwa na kulipwa mshahara, majirani walikuja kumpa hongera.

Aliyesajiliwa ni Msellem, mtoto wa Sheha Mjaka, mkuu wa kijiji. Alikuja mara mbili. Mara ya pili alitapika uani, akarudi kwenye bodaboda yake. Sheha, mtu hodari wa kupanga mambo, akamtafuta Ngwali, jirani asiye na shamba lake, akawa anampa kitu kidogo kutoka mshahara wa mwanawe. Na Ngwali akaja, asubuhi na jioni, mvua ikinyesha na jua likiwaka. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza juu ya mwili wa Silima, pole pole, mpaka vidonda vikaanza kufunga.

Zikaja habari kwamba mkaguzi anatoka Unguja. Siku ya ukaguzi Sheha alifika mapema pamoja na Msellem, kijana amevaa fulana mpya yenye nembo ya mpango. Ngwali akatakiwa aende zake kondeni hadi wageni waondoke. Kisha Sheha akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwambia Silima kwa upole kuwa wao ni watu wa kuzikana, na mambo ya nyumbani hayamwagwi mbele ya wageni.

Mkaguzi, Bwana Jecha, alikuwa kijana mstaarabu. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia Time, akamwamkia Silima, na pengine hiyo shikamoo ndiyo iliyomponza mgonjwa. Ilikuwa zamani sana tangu mtu wa ofisi kumtolea. Jecha akamwomba Msellem amkalishe mzee. Msellem akamshika makwapani, akamvuta. Ngozi ya mgongo ikachunika juu ya kamba za kitanda, na Msellem akageuza uso.

"Mzee Silima, huyu ndiye anayekuhudumia?"

Sheha akakohoa. Silima alimfikiria Ngwali huko kondeni, akilima shamba la mtu. Jina lake likiingia daftarini, atakula jasho lake lote.

"Siye," alisema. "Anayenihudumia mie ni Ngwali. Mwandikeni yeye."

Sheha alicheka kidogo, akasema maradhi yanamchanganya mzee. Lakini Jecha hakuwa mjinga, wala hakuwa mla rushwa. Alimuuliza Time, na Time, macho chini, akasema kweli. Jecha akamshukuru Silima kwa ujasiri wake. Akaeleza kuwa udanganyifu kama huo haufumbiwi macho, na kwamba huduma itasimamishwa mpaka uchunguzi ukamilike.

"Na Ngwali?"

"Hajasajiliwa, mzee. Hana mafunzo. Akikuumiza, nani atajibu?"

"Hajaniumiza hata siku moja."

"Naelewa. Lakini utaratibu hauruhusu."

"Sasa nani atanigeuza?"

Jecha alimtazama Time, akasema familia nayo ina wajibu wake. Na kwa kuwa agizo halina budi kuwa na msimamizi kijijini, na Serikali ya kijijini ni sheha, kazi ya kuhakikisha kwamba hakuna mtu asiyesajiliwa anayemgusa mgonjwa akakabidhiwa Sheha Mjaka.

Ngwali aliendelea kuja, bila ya malipo. Sheha akamwita. Hakupandisha sauti. Alimkumbusha tu kwamba kukaidi agizo la Serikali ni kesi, na kwamba ana watoto. Ngwali akaja mara ya mwisho kwa mlango wa uani, akasimama na kofia mkononi.

"Nisamehe, kaka."

Silima akamwambia hana kosa. Ngwali akaenda kufanya kibarua cha kupasua mawe.

Time alijaribu. Alipitisha kanga chini ya kaka yake, akavuta kama avutavyo ndoo kisimani, na wote wawili wakaanguka sakafuni. Walilala pale ubavu kwa ubavu, wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka, mpaka wapita njia walipomsikia Time akiita. Tangu hapo mkono wake wa kulia haukuinuka sawasawa. Vidonda vikafunguka tena. Kimoja kikafika mfupani.

Masika yalipokwisha ndipo akaja ofisa mwingine, mwanamke, kuangalia kama agizo linafuatwa. Sheha ndiye aliyemleta. Ofisa alisimama mlangoni, leso puani, akauliza kama yupo mtu asiyeruhusiwa anayeingia humu.

"Hayupo," alisema Silima. "Wala anayeruhusiwa."

Yule mama akasikitika. Akamwambia avute subira, jambo lake liko Unguja, linashughulikiwa. Huko nje alisikika akimsifu Sheha, kwamba laiti masheha wote wangekuwa wasimamizi kama yeye, na Sheha akajibu kwa unyenyekevu kwamba wanajitahidi tu.

Gari likaondoka. Nzi akaingia, akavuma juu ya kitanda, akazunguka, kisha mvumo ukakatika. Alikuwa ametua mahali. Silima hakujua wapi.