Namba Ishirini na Tatu na Nusu

Nasriya alipanda ngazi za duka la vifaa vya michezo pale Azaiba, Maskati, Alkhamisi moja ya Novemba mwaka 2006, na alikuwa keshajua anachokitaka. Alitaka viatu vipya vya kutelezea thelujini, namba ishirini na tano na nusu, sawa na vile vya zamani vilivyokwisha kupasuka gamba la nje. Alitaka amalize kabla ya adhuhuri.

Alikuwa mhandisi wa mabomba ya mafuta, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Maskati angali mdogo. Serikali ilimpeleka kusoma Austria, na huko wanafunzi wenziwe wakamfundisha kuteleza milimani kwa mbao mbili ndefu za ski. Viatu vyake vya mwanzo aliachiwa na msichana mrefu wa bwenini kwao, na namba ya viatu hivyo ndiyo aliyoishika tangu siku hiyo. Miaka ishirini sasa, kila Februari ikifika huomba likizo ya wiki moja na kupanda ndege kurudi milimani, siku hizi pamoja na wenziwe watatu wa kazini. Mumewe, Sleyum, ambaye hata kiyoyozi kikizidi hutafuta shuka, alikuwa akimuuliza kila mwaka anakwenda kutafuta nini, maana anarudi anachechemea.

Hilo la kuchechemea lilimuuma, kwa sababu lilikuwa kweli. Mapaja yalimwaka moto kabla hajafika nusu ya mteremko. Mwenzake mmoja, Loay, aliyejifunza miaka minne tu iliyopita, humsubiri chini kakunja mikono. Nasriya alikwisha kujiambia kuwa Mungu hakumpa miguu yenye nguvu, basi.

Duka lilianza kuuza vitu vya theluji mwaka ule, baada ya watu wa Maskati kuanza kwenda Dubai kuteleza kwenye ukumbi mkubwa wa theluji uliofunguliwa huko. Meneja, Yaarub, alimpokea kwa heshima, akamwita mfanyakazi wa kike aje amhudumie. Akaja Mkenya mmoja mwembamba, kavaa fulana ya duka, jina lake limeandikwa kifuani: Peninah.

"Karibu madam. Toa viatu na soksi nikupime."

"Sina haja ya kupimwa. Nipe ishirini na tano na nusu."

"Ni lazima nipime. Ndio kazi yangu."

Nasriya akavua, lakini alikunja uso. Miezi miwili nyuma alikuwa kwenye ukumbi ule wa Dubai, na kucha za vidole gumba zote mbili zilikuwa nyeusi tangu siku hiyo. Alizipaka hina, kucha zote kumi, ili zile mbili zisijulikane. Peninah akapiga goti, akauweka mguu wake juu ya kipimo cha chuma, akausukuma kisigino mpaka nyuma. Akasoma. Akapima na wa pili.

"Ishirini na tatu na nusu."

"Umekosea."

"Hii kiatu unataka ni kubwa kwako na namba mbili."

"Kiatu hiki," Nasriya akamsahihisha. "Kinachotakwa ni kiatu hiki, si hii kiatu. Kama hata kusema hujui, vipi utanifundisha mimi kuvaa?"

Peninah akaenda rafuni. Akarudi na kiatu cha namba aliyotaka Nasriya, akakichomoa kile kiatu laini cha sponji kilichomo ndani, akabakisha gamba tupu la plastiki.

"Ingiza mguu. Sukuma vidole mpaka viguse mbele."

Nasriya akaingiza. Peninah akapitisha mkono nyuma ya kisigino, katikati ya nyama na plastiki. Vikaingia vidole vitatu, na nafasi ikabaki.

"Inatakiwa iwe kidole moja na nusu, sana sana mbili," akasema. "Mguu yako inateleza ndani. Ukitaka kukata kona, unazungusha kiatu kwanza, ndipo mbao ifuate. Ndio maana mapaja yanachoka. Yanachoka, sivyo?"

Nasriya akauchomoa mguu ndani ya gamba.

"Na kucha. Mguu ukiteleza mbele, kidole gumba inagonga. Hizi mbili chini ya hina ni nyeusi. Si ati kiatu ni ndogo. Ni kubwa."

Kulikuwa na wateja wengine wawili karibu, mume na mke, na mwanamke akageuza shingo kutazama miguu. Nasriya alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Aliurudisha mguu chini ya abaya.

"Nani kakuuliza habari za kucha zangu?" alisema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Umeiona theluji wapi wewe? Nambie. Nnateleza miaka ishirini."

"Sijawahi kuiona, madam. Nimesomea kupima. Kabla ya hapa nilipima miguu ya watoto wa shule Nakuru miaka sita, na hapa kampuni ilitupeleka wiki mbili kwa fundi Mwitaliano. Mguu ni mguu."

Nasriya akamwita Yaarub. Akamwambia kwa Kiarabu kuwa binti huyu hana adabu na anabishana na mteja. Yaarub akamgeukia Peninah, akamwambia kwa Kiingereza, mbele ya wote, kuwa mteja akitaka namba hamsini apewe namba hamsini.

Peninah akavileta. Lakini ile karatasi ya duka inayojazwa kila kiatu kinapouzwa, pale panapotakiwa saini ya aliyepima, hakutia saini. Aliandika: namba imechaguliwa na mteja mwenyewe. Nasriya akaisoma, akaikunja mara nne, akaitia mkobani.

Alasiri ya siku ile ile aliketi mezani kwake akaandika barua kwa wenye duka. Aliandika kwa Kiarabu kizuri. Alisema mfanyakazi wao alimdharau, alimtaja miguu yake mbele za watu, na alimcheka. Alipofika hapo pa kucheka alisita, kalamu juu ya karatasi. Peninah hakucheka, wala hakutabasamu. Lakini bila ya hilo barua ilionekana nyepesi, na Nasriya akaliacha neno lilivyo. Asubuhi yake akaituma.

Wiki mbili baadaye akaendesha gari mpaka Dubai na viatu vyake vipya. Alivifunga bizimu zote nne mpaka mwisho, akashuka mara tatu. Visigino vilinyanyuka ndani kama vile vya zamani, na nyayo zikafa ganzi kwa kubanwa. Mara ya nne akataka kukata kona ya kushoto. Mbao ikachelewa, akaenda moja kwa moja kwenye wavu wa pembeni na kuangukia ubavu, mbele ya watoto waliokuwa wakifundishwa. Mwalimu wao akaja kumnyanyua. Nasriya akamwambia hataki kunyanyuliwa.

Ndipo likamjia wazo, na halikuwa wazo jema. Pale ukumbini wanaazimisha viatu pamoja na mbao zake. Atachukua ishirini na tatu na nusu, atashuka navyo mara moja, vitamuumiza mpaka alie, kisha ataandika barua ya pili. Atawaambia wenye duka kuwa alijaribu kwa nafsi yake ushauri wa mtu wao, na haya ndiyo yaliyomfika.

Akavivaa kwa shida, amekaa kwenye benchi, anasukuma na kutukana kimoyomoyo. Vilibana kila mahali. Vidole viligusa mbele. Aliposimama na kukunja magoti, vikarudi nyuma kidogo, vikaacha kugusa. Akapanda juu kwa kiti kinachovutwa na kamba, akajiachia.

Kona ya kwanza ilikuja kabla hajaiomba. Aliuelekeza muundi wa mguu, mbao ikaenda. Akajaribu kushoto, ule upande uliomshinda siku zote, na mbao ikageuka, ikauma theluji, ikamshika. Akafika chini. Akasimama akingojea mapaja yawake moto, hayakuwaka. Akapanda tena. Akashuka mara tisa.

Watu wangedhani alifurahi. Hakufurahi. Alikaa kwenye benchi la kuvulia viatu na hasira zimemjaa kifuani hata kupumua anapumua kwa shida. Miaka ishirini. Likizo ishirini za kusubiriwa chini ya mlima na kuambiwa pole, za kuwaambia watu kuwa ana miguu dhaifu. Alimkasirikia yule msichana mrefu wa bwenini na kila muuza duka aliyempa alichotaka bila ya kumpima. Aliyemkasirikia kuliko wote ni yule Mkenya, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwambia.

Jumamosi jioni, akitoka kazini, akapanda tena ngazi za duka, na safari hii kachukua mbao zake. Yaarub akamkimbilia.

"Nataka viatu vidogo," Nasriya akasema. "Muite yule wa kike anipime."

"Peninah hapimi tena, ustadha. Kwa ile barua yako. Tumemweka ghalani, na mwisho wa Disemba mkataba wake hatuuendelezi. Atakupima Mike, fundi mzuri."

Mike alikuwa kijana mpole, mwanamme. Nasriya hakuwa mtu wa kumpa mwanamme mguu wake aushike. Wala, alijua, hakumtaka mtu mwingine yeyote, hata angekuwa mwanamke.

"Niitie huyo huyo."

Peninah alitoka ghalani na vumbi la maboksi mikononi. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma.

"Nataka unipime," Nasriya akamwambia.

"Sina ruhusa kugusa mteja, madam."

"Nakupa ruhusa mimi."

"Wewe si meneja. Na meneja ana barua yako." Akamtazama usoni. "Walinisomea. Uliandika nilicheka. Nilicheka?"

Yaarub akaanza kumkemea. Nasriya akainua mkono kumnyamazisha.

"Nipime kwanza, hayo tutayazungumza baadaye."

"Hapana. Barua kwanza."

Walitazamana. Nasriya alikuwa na watu arobaini chini yake kazini, na hapakuwa na mmoja aliyewahi kumwambia hapana namna ile, bila ya kupandisha sauti. Alitaka kuondoka. Alikwisha kugeuka, akafika kwenye ngazi. Kisha akazikumbuka zile kona za Dubai, na Februari haikuwa mbali.

Akarudi. Akamwomba Yaarub karatasi. Akaandika amesimama pale kwenye meza ya malipo: kwamba analiondoa lalamiko lake lote, kwamba mfanyakazi alipima sawasawa, kwamba hakucheka. Neno la radhi hakulitia. Peninah hakujua kusoma Kiarabu, akampa Mike, aliyejifunza kidogo, amsomee. Mike akamsomea kwa taratibu.

"Meneja atie saini kuwa amepokea," Peninah akasema. Yaarub, macho yake kwa Nasriya, akatia.

Ndipo akapiga goti.

Walikaa saa nzima na nusu. Peninah hakusema neno lisilokuwa la kazi. Alimvisha soksi moja nyembamba, akamwambia zile za sufi alizokuja nazo azitupe. Akakipasha moto kile kiatu cha ndani kwa mashine, akamwamuru asimame na kukunja magoti, dakika ishirini, bila ya kukaa. Nasriya akasimama kashika ukingo wa rafu, mwanamke mzima, na wateja wakipita.

"Kinaniuma hapa, penye fundo la mguu."

"Inauma ama inabana?"

"Kuna tafauti gani?"

"Ikibana, utazoea. Ikiuma, natanua hapo."

Nasriya akafikiri kwa hasira. "Kinauma. Mguu wa kulia tu."

Peninah akatia alama kwa kalamu, akakipeleka kiatu kwenye chuma cha moto, akalitanua gamba mahali pale kwa upana wa sarafu. Kilipovaliwa tena, hakikuuma.

Zikabaki mbao. Kiatu kikibadilika urefu, vifungio vya kwenye mbao sharti virekebishwe, kwa kufuata na umri na uzito wa mtu, ili viuachie mguu akianguka, visiuachie kabla.

"Miaka?" Peninah akauliza.

"Arobaini na mbili."

"Kilo?"

"Sitini na mbili."

Peninah akaacha bisibisi hewani. "Ukinidanganya, kifungio itafunguka ukiwa kwa mwendo, na utavunjika."

"Sabini," Nasriya akasema.

Karatasi ya duka ikaletwa. Mara hii Peninah alitia saini yake pale panapotakiwa, kwa herufi kubwa zinazosomeka, akachana nakala na kumpa. Nasriya akaipokea. Alihisi kuna neno anadaiwa, na likamkwama.

"Umeridhika sasa?" ndilo lililotoka.

"Mimi nilitaka kazi yangu," Peninah akamjibu. "Viatu ni vyako." Akakusanya vifaa vyake akaondoka.

Mkataba wake uliendelezwa mwaka mmoja. Nasriya alilisikia hilo kwa Yaarub, Januari, alipokwenda kununua glavu. Peninah alikuwa upande wa pili wa duka na mteja mwingine. Walionana, na hakuna aliyemsalimu mwenziwe.

Februari wakaenda mlimani wote wanne. Siku ya kwanza, theluji ngumu, jua kali, Nasriya akatangulia na hakutazama nyuma. Alipofika chini alisimama na kusubiri. Loay akaja dakika mbili baadaye, uso mwekundu, anahema.

"Umefanya nini mwaka huu?" akamuuliza. "Umetuacha wote."

"Mazoezi," Nasriya akamjibu, akainama kulegeza bizimu.