Picha Juu ya Mizani

Shemeji yangu anauza nyama ng'ambo ya barabara, na tangu mashindano yaliyopita uso wangu umetundikwa juu ya mizani yake.

Ni picha kubwa yenye fremu ya mbao. Nimeketi kwenye cherehani yangu, uzi mdomoni, nimevaa jezi ya timu ya taifa ya wapinzani wetu wa kriketi. Tulikuwa tumewekeana dau: ambaye timu yake itashindwa, atavaa jezi ya mwenzake kazini siku nzima. Mama mkwe wangu alizaliwa nchi yao, kwa hiyo shemeji anaishangilia kwa damu. Mimi naishangilia hii iliyonilea. Mechi ikafika mpira wa mwisho. Ukapigwa, ukapaa, mchezaji wetu akasimama chini yake peke yake, hakuna jua wala upepo wa kusingizia. Angeudaka tungeshinda, lakini ukamponyoka. Nikavaa jezi, maana ahadi ni deni. Lakini kupigwa picha hakukuwemo kwenye makubaliano, na kutundikwa buchani ndiyo kabisa.

Tangu hapo sina jina. Mama wa bibi harusi anakuja na kitambaa cha bei mbaya, anasimama mlangoni, anauliza, "Samahani, Jezi yupo?" Mimi, niliyefundishwa kushona suti na marehemu baba.

Kesho timu hizo zinakutana tena, na dau ni lilelile. Wiki nzima shemeji amekuwa akinipigia kelele kutoka upande wa pili, kisu mkononi.

"Shemeji, nikuletee jezi mpya, au ile ya zamani bado inakutosha?"

"Kutangulia si kufika," namjibu. "Wewe andaa kifua tu."

Hajui kwamba ya kwake nimeshaishona. Ina kola ya lesi na mikono ya puto, na mgongoni nimetarizi kwa herufi kubwa: NILISEMA SANA. Mpiga picha nimeshampa miadi, na nimemwambia nataka picha ya ukubwa wa mlango. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Safari hii auonje yeye.

"Baba watoto, huu ni mchezo tu," mke wangu aliniambia.

"Mchezo ni ule wa uwanjani. Huu wa buchani ni kisasi. Na wewe uko upande gani, wangu au wa kaka yako?"

"Niko upande wa anayeleta nyama."

Nyama naleta mimi. Kila Jumamosi naenda kununua mwenyewe. Mke wangu anadhani nachagua nofu, kumbe naenda kuitazama ile picha ili hasira isipoe. Leo mchana nikaenda kama kawaida, nikapanga foleni, nikainua macho. Ukutani kulikuwa na msumari mtupu.

"Iko wapi?"

Shemeji alikuwa anafuta kisu kwenye aproni. Hakuniangalia.

"Nimeitoa. Dada alikuja jana, akasema huli vizuri, usiku unagombana na watu usingizini. Nikaona yaishe."

"Na dau?"

"Kesho mkitushinda, nitavaa. Tukiwashinda, wewe usivae. Umeshavaa vya kutosha, shemeji."

Alisema kwa ile sauti ya kumtembelea mgonjwa. Wateja wakaanza kukagua maini. Ningeweza kusema asante nikaenda zangu. Lakini damu ilinichemka kuliko siku ile picha ilipotundikwa. Aliyenidhalilisha mbele ya mtaa mzima sasa ananihurumia mbele ya mtaa huohuo, tena siku moja kabla ya mechi, na kisasi changu nilichokilea muda wote huu anataka nikimeze kama dawa. Kesho hata tukishinda, nitakuwa nimemshinda mtu aliyekwisha kunisamehe. Hiyo si raha.

"Irudishe," nikasema.

"Shemeji, yaishe."

"Hayaishi. Kesho utaitoa ukiwa umeshindwa, umevaa nilichokushonea, watu wanakuangalia. Leo huna ruhusa."

"Na mkishindwa nyinyi?"

Swali lilikuwa la haki. Nilimwona yule mchezaji wetu amesimama chini ya mpira, mikono wazi, na nilijua kesho atacheza tena.

"Itakaa hapo," nikasema. "Sitakuomba uitoe mpaka nizeeke."

Akakiweka kisu mezani. Kisha akaenda nyuma ya friji, akaitoa ikiwa imefungwa gazeti.

"Tundika mwenyewe. Mimi nimemwahidi dada."

Nikapanda kwenye stuli yake. Nikapangusa kioo kwa mkono wa shati, nikaipachika kwenye msumari. Nyuma yangu, kwenye foleni, mama mmoja mwenye kikapu akakohoa.

"Upande wa kushoto umepanda," akasema. "Shusha kidogo, Jezi."

Nikashusha.