Kisiwa Kati ya Magoti ya Mzee Mark

Arlington nzima, huku Marekani, hakuna anayekijua kisa hiki kunishinda mimi. Sikuwapo, lakini Apolonia, mtunza wazee, alinisimulia mara mbili, na mara ya kwanza nilisinzia.

Kila Jumanne Apolonia humwogesha Mzee Mark, mwanajeshi mstaafu wa miaka themanini na minane. Humwamkia shikamoo, naye hujibu marahaba, maana kafundishwa akafundishika. Ujanani alijenga uwanja wa ndege za kivita kwenye kisiwa kimoja cha mbali baharini. Akishakaa kwenye hodhi na maji yakatulia, kisiwa hicho hujitokeza kati ya magoti yake: pete ya matumbawe, minazi mirefu kama njiti za kiberiti, na barabara ya ndege. Ndege zenyewe, kubwa kama nzi, hutua na kupaa. Apolonia alilalamikia mchanga tu, unaziba tundu la maji. Akanunua chujio.

Jumanne ya kisa hiki alikuja na fomu kutoka serikalini. Bibi mmoja, Clarisse, alizaliwa kisiwani, wanajeshi wakamwondoa angali binti. Sasa anaomba kurudi, akifa azikwe kando ya mama yake. Wakubwa wanataka shahidi kwamba watu waliwahi kuishi pale, na waliojenga uwanja wamekufa wote isipokuwa Mzee Mark.

"Mzee, palikuwa na watu?"

"Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kaa tu, na minazi."

"Hata kibanda kimoja?"

"Apo, sugua mgongo."

Apolonia akajifuta mikono, akaandika alivyoambiwa. Mzee akatia sahihi, povu likachafua kona. Mleta barua alikuwa mlangoni. Akaichukua fomu, akaenda zake.

Apolonia aliporudi, mbwa mdogo kama punje ya mchele alikuwa amejilaza katikati ya barabara ya ndege, na ndege inashuka.

"Zozo!" Mzee Mark alipiga kelele. "Zozo, toka hapo!"

Mbwa akainuka, akakimbilia minazini akitikisa mkia. Ndege ikatua, na ya pili ikaifuata. Apolonia akavaa miwani, akainama. Shingoni mwa mbwa palikuwa na utepe mwekundu, umefungwa kishada kama wa mtoto anayepelekwa kanisani.

"Mzee, hilo jina la Zozo, alipewa na nani?"

Mzee Mark akashika ukingo wa hodhi ainuke.

"Na wale kaa," akasema, akaomba taulo.