Muhuri wa Namba Saba

Katika kiwanda kile cha mashati, mkaguzi alijulikana kwa namba. Shati likifika mikononi mwake hutazama kola, vifungo na mshono wa kwapa, na akiridhika hugonga muhuri wake kwenye lebo ya karatasi: paa! Maana yake, nimeliona, likiwa na kasoro niulizeni mimi. Mkaguzi wetu alikuwa Namba Saba, na kwa miaka kumi na mmoja mkono wake ulikuwa umegonga mihuri mingi kuliko salamu alizotoa.

Sasa Namba Saba alikuwa mwongo. Si mwongo wa kuzaliwa, la; uongo wake ulikuwa na miezi minne tu. Kila Jumanne na Alhamisi saa sita mchana alitoka saa nzima kwenda "kukandwa mgongo". Mgongo wenyewe ulikuwa mzima kama reli. Alichokifuata ni binti yake wa miezi minane, nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda. Siku hizo mkewe, muuguzi, huingia zamu saa sita, na mama mkwe hafiki hadi saa saba. Ile saa ya katikati ilikuwa ya baba: uji, nepi, na wimbo mmoja aliouimba vibaya. Aliipenda kuliko saa zote za wiki.

Kwa nini asiseme ukweli? Kwa sababu mkata vitambaa mmoja aliwahi kuomba ruhusa ya mtoto, wenzake wakambandika jina la Yaya, na jina likamganda mpaka akaacha kazi. Namba Saba akaona afadhali mgongo. Lakini uongo haukai peke yake, unataka matunzo: ikabidi atembee ameinama kidogo, na maboksi yake ya mashati yakawa yanabebwa na Fundi Pasi, jirani yake wa meza, mtu mwema asiye na maneno. Kila boksi lilimkaa Namba Saba rohoni.

Jumatano moja akaja mtafiti wa saikolojia, dada mpole mwenye miwani, na fomu za maswali kuhusu wanawake, wanaume, kazi na malezi. "Msiandike majina," alisema. "Hakuna atakayejua nani kasema nini."

Swali la kumi na mbili liliuliza: Je, umewahi kudanganya kazini kwa sababu ya mtoto? Namba Saba akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akaandika yote, mgongo, uji na maboksi, mpaka nyuma ya karatasi. Akashusha pumzi. Akaipitia kwa macho, akaridhika, paa! Akaitumbukiza sandukuni.

Alikuwa ameshakagua shati la tatu alipoutazama muhuri mkononi mwake, na moyo ukamlipuka: na fomu ameigonga namba yake.

Sanduku lilikuwa limeshapelekwa ofisini kwa msimamizi, Mama Jino. Jina hilo alilipata enzi alipokuwa mkaguzi, kwa kuwa hazikupita wiki mbili asiombe ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno. Hata leo alicheka kwa kuziba mdomo, na watu waliapa kwamba humo ndani hakuna jino hata moja la kwake. Kupitia kioo Namba Saba akaona fomu zimetandazwa mezani, mtafiti ameziinamia, Mama Jino kasimama hatua mbili tu kutoka mezani. Na sheria ya kiwanda ilijulikana: ruhusa ya uongo, kazi basi.

Akaona bora aseme mwenyewe kabla karatasi haijamsemea.

"Mama, nisamehe," alisema hata kabla hajafunga mlango. "Mgongo wangu hauumwi. Haujawahi kuumwa. Nina mtoto wa kulisha. Najua umeshasoma."

"Nimesoma nini?" Mama Jino akauliza.

Mtafiti akainua uso, mkasi mkononi. "Hajasoma kitu, kaka. Hata mimi sijaanza. Nakata mihuri." Akamwonyesha lundo la vipande: Namba Nne, Namba Tisa, Namba Saba. "Wakaguzi wote mmegonga! Nimewaambia watu wasiandike majina, wamenigongea namba. Mtaniua nyinyi."

Kumbe ulimi umemponza bure. Namba Saba akasimama pale, akisubiri kufukuzwa.

"Sogea hapa," Mama Jino akamwambia. "Watu wanasema nimeng'olewa meno mangapi?"

"Yote, mama."

Mama Jino akapanua mdomo. Yalikuwamo yote, meupe, yamejipanga mpaka magegoni.

"Mwanangu alikuwa na pumu," alisema. "Enzi zile mwanamke akimtaja mtoto anaambiwa arudi nyumbani akalee. Leo mwanamume akimtaja anaitwa Yaya. Jino si la kike wala la kiume, ndiyo maana nikalichagua. Miaka yote hii naogopa kucheka."

Akavuta faili, akakata neno mgongo, akaandika mtoto, akasaini. "Jumanne na Alhamisi, kama kawaida. Ila kwa Fundi Pasi utajitetea mwenyewe."

Namba Saba akatoka amenyooka, na machozi yalimlengalenga kwa furaha. Fundi Pasi alikuwa ameshaliinamia boksi la Namba Saba. Namba Saba akamshika bega, akalinyanyua mwenyewe.

"We! Mgongo?"

"Mzima, kaka. Siku zote ulikuwa mzima. Nina mtoto, mchana namlisha mimi. Nisamehe."

Fundi Pasi akamtazama kutoka utosini hadi unyayoni. "Miezi minne nambebea mtu mwenye afya kunishinda?" Akachukua boksi lake mwenyewe, akalitweka juu ya lile la kwanza. "Haya, beba na langu. Mpaka nitakaposema basi."

Namba Saba akaenda na yote mawili, na hayakumlemea hata kidogo. Hakufika mbali akasikia Fundi Pasi akimwita.

"Na huyo mtoto, kashaota meno?"

"Mawili!" akajibu, kwa sauti ambayo kiwanda kizima kiliisikia.